Usisaini barua ya kujiuzulu kabla ya kusoma hesabu hii

Swali:

"Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kasulu, mkoani Kigoma. Mimi ni afisa lishe katika shirika linalohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Mkataba wangu ni wa miaka mitatu na umebakiza miezi mitatu kwisha. Wiki iliyopita tumeitwa kwenye kikao tukaambiwa mfadhili ameondoa fedha, mradi unafungwa Desemba 31. Afisa utumishi ametushauri tuandike barua za kujiuzulu, kila atakayeandika atapewa mshahara wa mwezi mmoja hapo hapo kama shukrani. Wenzangu wawili wameshaandika. Mimi nasikia NSSF ina fao la kukosa ajira, wengine wanasema ni theluthi ya mshahara, wengine wanasema nikienda nitapewa michango yangu yote. Mshahara wangu ulikuwa 900,000 kabla ya makato, ukapanda Oktoba hadi 1,050,000. Ndani yake mshahara wa msingi ni 728,000, iliyobaki ni posho ya nyumba. Nina mke na watoto wawili. Nifanye nini, na hesabu yake inakwendaje?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Pole na mkeo pia, maana habari ya namna hii haimpati mfanyakazi peke yake.

Nianze na lililo la haraka. Barua ya kujiuzulu usiiandike. Kama umeshaiandika lakini hujaikabidhi, ichane. Mengine yote nitakayokueleza yanasimama juu ya hilo.

Fao unalolisikia lipo. Sheria iliyounda mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, mwaka 2018 ilifanyia marekebisho pia sheria ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ambao wewe unachangia, na tangu hapo mtu wa sekta binafsi au wa mashirika kama lenu anayepoteza kazi ana haki ya fao la kukosa ajira. Lakini limewekewa masharti. Uwe raia wa Tanzania. Uwe umechangia miezi isiyopungua 18. Uwe hujapata ajira nyingine wala hujafikia kustaafu. Na sharti linalowaangusha wengi ni kwamba kazi iwe imekutoka, si wewe uliyeiacha. Aliyejiuzulu kwa hiari yake hana fao hili. Afisa wa Mfuko anayepokea madai yako hakuwepo kwenye kikao chenu. Hakumsikia afisa utumishi akiwashauri. Anachokiona mezani ni karatasi, na karatasi ikisema "naacha kazi kwa hiari yangu" yeye hana mahali pa kupitia.

Nimeliona hili kwa macho yangu hapa Tabora. Kijana mmoja wa Isevya alikuja kwangu na bahasha ya kaki, ndani yake nakala ya barua aliyoiandika kwa mkono akiwa amesimama kwenye korido ya ofisi yao, kwa kalamu aliyoazimwa na mhasibu. Mistari minne tu. Wa tatu ulisomeka "nimeamua kwa hiari yangu mwenyewe bila kushurutishwa". Nilimuuliza maneno hayo aliyatoa wapi, akasema alisomewa, akaandika. Alikuwa amefanya kazi miaka saba. Mshahara wa mwezi mmoja aliopewa kama "ahsante" ulikwisha kabla ya mvua za kupandia. Tulihangaika naye miezi mingi kuthibitisha kwamba alishurutishwa, na sitaki wewe uanzie huko.

Sasa hesabu.

Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara wako wa mwisho, linalipwa kila mwezi kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa hiyo waliokuambia theluthi wamesema kweli. Kwa mshahara wako wa sasa, 1,050,000 ukizidisha kwa 33.3 na kugawanya kwa 100 unapata shilingi 349,650 kwa mwezi. Miezi sita yote ni shilingi 2,097,900.

Hapo ndipo wengi wanafunga daftari wakidhani wamemaliza, na hapo ndipo nataka utulie nami kidogo. Mshahara wa mwisho ninaousema ni ule ambao mwajiri aliuripoti na kuuchangia NSSF. Ulioahidiwa kwenye barua ya nyongeza haukusaidii kama haukufika kule. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kabla ya makato, na kwa kawaida wewe unakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10. Mwajiri anapaswa kuipeleka ndani ya mwezi unaofuata. Shirika linalofungwa, fedha zikiwa zimekata, mara nyingi huanza kuchelewa hapo hapo. Wewe umepandishiwa mshahara Oktoba. Ikiwa michango ya Oktoba, Novemba na Desemba haijafika, au imepelekwa kwa kiwango cha zamani, mwezi wako wa mwisho kwenye kumbukumbu za Mfuko utakuwa na 900,000. Asilimia 33.3 yake ni 299,700. Tofauti ni 49,950 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni 299,700. Yaani utakuwa umepoteza fao la mwezi mzima kwa sababu ya karatasi ambazo mtu hakuzituma.

Kwa hiyo kabla ya Desemba 31, wakati ofisi bado ina watu na kompyuta, chukua taarifa yako ya michango. Unaweza kuiona mwenyewe kwenye mfumo wa wanachama wa NSSF kwa simu, au ukifika ofisi yao Kigoma mjini wakuchapishie. Kaa nayo mezani pamoja na salari slipu zako. Chukua rula uiweke chini ya kila mwezi, soma mwezi, soma kiasi, linganisha na slipu. Ukatwe 90,000 kwenye slipu, taarifa ionyeshe jumla 180,000 kwa mwezi huo. Kuanzia Oktoba ukatwe 105,000, taarifa ionyeshe 210,000. Mwezi wowote uliokatwa kwenye slipu na haupo kwenye taarifa, uzungushie kalamu nyekundu. Hiyo ni fedha yako iliyotolewa kwenye mshahara wako na haikufika ilikotakiwa kwenda, na linaniuma kila ninapoliona.

Ukikuta pengo, andika barua kwa mwajiri ukiorodhesha miezi yenyewe, uombe iwasilishwe kabla mradi haujafungwa. Nakala ipeleke NSSF Kigoma pamoja na vivuli vya slipu. Mfuko una nguvu za kisheria za kumdai mwajiri michango na kumtoza adhabu, na hata kumfikisha mahakamani. Wewe peke yako huna nguvu hiyo. Lakini Mfuko hauwezi kudai usichoujulisha. Kwa miezi 33 uliyofanya kazi, hata kama miwili mitatu haijafika, sharti la miezi 18 umelivuka vizuri, kwa hiyo usiogope kwamba pengo litakunyima fao. Linaweza kulipunguza tu. (Aliyechangia chini ya miezi 18 anapolazimika kutoka kazini hulipwa kwa mkupuo nusu ya michango yake. Hilo si lako, ila ukiwa na mwenzako wa namna hiyo mwambie.)

Umeniuliza pia kuhusu kuchukua michango yote. Hapana. Hilo ndilo lililokuwa likiitwa fao la kujitoa, na ndilo lililobadilishwa na fao hili la kukosa ajira. Najua watu wanalililia, na sababu zao nazielewa. Mwaka 2012 lilipoguswa mara ya kwanza, wafanyakazi walipaza sauti, hasa wa migodini, kwa sababu mtu wa miaka 30 aliyepoteza kazi kuambiwa asubiri mpaka 55 ni kumwambia mwenye njaa leo asubiri mavuno ya mwaka kesho kutwa. Maoni yangu mimi ni kwamba theluthi ya mshahara kwa miezi sita ni kidogo kwa mtu mwenye watoto, na ningependa kuona imeongezwa. Lakini michango uliyokwisha kuiweka haipotei. Ukipata kazi nyingine unaendelea kuhesabu kuelekea miezi 180 inayokupa pensheni. Na ukikaa miezi 18 bila ajira, sheria inakuruhusu kuihamishia kwenye skimu ya hiari. Kwa hiyo anayekuambia mjini Kasulu kwamba kuna mtu wake ofisini atakutolea zote kwa "chai" kidogo, huyo ni wa kumkimbia.

Tuje kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo lina fedha zako pia. NSSF ni mlango mmoja. Mlango wa pili ni mwajiri mwenyewe, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hivi viwili watu huvichanganya, mtu akilipwa huku anadhani amemaliza na kule. Mwajiri anayekuachisha anatakiwa akulipe mshahara wa siku ulizofanya kazi, siku za likizo ambazo hukuzitumia, na notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku zisizopungua 28, na wasipokupa siku hizo wanazilipa. Kama walikuajiri kutoka mkoa mwingine wana wajibu wa kukurudisha na familia na mizigo. Na wakupe cheti cha utumishi. Hicho hakina fedha ndani yake, lakini mwajiri wako anayekuja atakiulizia.

Halafu kipo kiinua mgongo. Hiki ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisizidi miaka kumi. Angalia maneno mawili hapo. "Msingi" maana yake posho ya nyumba haimo, kwa hiyo tunatumia 728,000, siyo 1,050,000. "Uliokamilika" maana yake miezi tisa ya mwaka wako wa tatu haihesabiwi, una miaka miwili. Siku ya mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26: 728,000 gawanya kwa 26 ni 28,000. Mara siku saba ni 196,000. Mara miaka miwili ni shilingi 392,000.

Lakini kiinua mgongo nacho kina mlango unaofungwa kwa neno. Mkataba uliokwisha kwa sababu muda wake umefika hauna kiinua mgongo. Mkataba uliokatishwa kabla ya muda, kwa sababu fedha zimekata, unacho. Wewe wako ulikuwa uishe Machi. Kwa hiyo ukiletewa barua inayosema "mkataba wako umefikia ukomo Desemba 31", usiipokee kimyakimya. Iwe inasema kwamba mkataba umesitishwa kabla ya muda wake kwa sababu mradi umefungwa. Ndivyo ilivyotokea, na ndivyo inavyotakiwa iandikwe. Na kwa sababu umebakiza miezi mitatu ambayo walikwisha kukuahidi kwa maandishi, una hoja ya kudai mishahara ya miezi hiyo pia. Sikuahidi kwamba utaipata, hiyo inaweza kufika kwenye usuluhishi, lakini hoja unayo. Tena sheria inataka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji awape taarifa mapema, aweke wazi sababu, na akae nao au na chama chao kujadili jinsi ya kupunguza makali. Kikao cha kuwaambia "andikeni barua" si mashauriano.

Sasa weka pande mbili kwenye mizani. Upande wa kujiuzulu una 1,050,000 leo. Upande wa kusubiri uachishwe una 2,097,900 kutoka NSSF kama hutapata kazi kwa miezi sita, una 392,000 za kiinua mgongo, una notisi, na una hoja ya miezi mitatu. Mshahara wa Desemba na likizo ni haki yako huku na huku, kwa hiyo sijaviweka. Ofisi inafahamu hesabu hii. Ndiyo maana "shukrani" inatolewa kwa sharti la barua. Simlaumu afisa utumishi wenu moja kwa moja, pengine naye ameagizwa na naye anafungasha, lakini ushauri aliowapa unamsaidia mwajiri, si nyinyi.

Ukiulizwa mbona huandiki, huna haja ya kugombana. Andika hivi, kwa heshima:

"Rejea kikao cha tarehe fulani tulichoelezwa kuhusu kufungwa kwa mradi. Napenda kueleza kwamba sina nia ya kujiuzulu. Niko tayari kuendelea na kazi hadi mwisho wa mkataba wangu. Iwapo mkataba utasitishwa kabla ya hapo, naomba nipatiwe barua inayoonyesha sababu, mchanganuo wa stahili zangu, uthibitisho wa michango ya NSSF hadi mwezi wa mwisho, na cheti cha utumishi."

Peleka nakala mbili, wakupigie mhuri wa kupokea kwenye yako. Ile yenye mhuri usiiache ofisini.

Wenzako wawili walioandika nao waambie wasikate tamaa. Barua iliyoandikwa kwa kushinikizwa inaweza kupingwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, maana sheria inatambua hata kuacha kazi kwa sababu mwajiri amekufanyia mazingira yasiyovumilika kuwa ni kuachishwa. Lakini waende mapema, wakiwa na ushahidi: ujumbe wa simu, barua pepe ya mwaliko wa kikao, majina ya waliokuwepo. Barua tano zenye maneno yale yale zilizoandikwa siku moja na watu watano tofauti nazo ni ushahidi.

Nikirudi kwenye NSSF yenyewe, madai yako yataenda haraka au polepole kutegemea bahasha utakayoibeba. Ndani iwepo barua ya kusitishwa, mkataba wa ajira, kitambulisho cha Taifa, namba ya uanachama, taarifa za akaunti ya benki iliyo kwa jina lako, picha, na fomu ya madai ambayo sehemu yake inajazwa na mwajiri. Hiyo sehemu ya mwajiri ndiyo inayonifanya nikuharakishe. Januari 10 ukifika pale ofisini kwenu ukakuta mlinzi na kufuli, fomu itajazwa na nani? Ijazwe na kupigwa mhuri wakiwa bado wapo.

Jambo jingine dogo linalokwamisha watu wa mikoa yetu hii ni majina. Mama mmoja alikaa kwenye benchi mbele yangu na vitambulisho viwili mapajani. Cha Taifa kilimwita Zuhena, kadi ya Mfuko ilimwita Zuwena, na benki ilikuwa imeongeza jina la babu ambalo halikuwa popote pengine. Mtu ni yule yule, sura ile ile, ila mfumo unamwona kama watu watatu. Alirudishwa kuapa kwa wakili na kuleta hati ya kiapo, na safari ya kutoka Uyui ikawa mara tatu. Weka karatasi zako sambamba leo, usome herufi kwa herufi. Kama lako limeandikwa "Elisha" huku na "Elesha" kule, maliza hilo kwanza.

Ukishaanza kulipwa, ukapata kazi mwezi wa tatu, toa taarifa. Fao ni la mtu asiye na ajira, linakoma ajira inapoanza, na mwajiri mpya akianza kukuchangia mfumo utaonyesha. Usijiingize kwenye deni na Mfuko kwa fedha za miezi miwili.

Na kuhusu CMA kwa upande wako mwenyewe. Ukiona umeachishwa isivyo halali, siku zako ni 30 tangu kuachishwa, na kwa madai mengine kama ya mishahara na likizo ni 60. Hakuna ada ya kufungua shauri, unajaza fomu namba moja, nakala moja unampelekea mwajiri. Watu wengi hupoteza siku hizi wakisubiri ahadi za "njoo wiki ijayo". Siku zikipita itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya kuridhisha, na "niliahidiwa" peke yake mara nyingi haitoshi. Kwa hiyo siku utakayokabidhiwa barua, andika tarehe juu yake kwa kalamu yako, pale pale, mbele yao. Ikiwa ni Desemba 15, chukulia Januari 14 kuwa ndiyo siku yako ya mwisho hata kama barua yenyewe inasema kazi inaisha tarehe 31, usije ukaingia kwenye ubishi wa siku zianzie wapi.

Msalimie mkeo. Mwonyeshe hesabu hii mkae nayo pamoja, na taarifa ya michango ukiipata, nitumie miezi uliyoizungushia nyekundu tuiandikie barua.